Kidole cha Kuazima

Mkono wa mtu una tabia yake. Hilo nalijua kuliko madaktari wengi, kwa sababu kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kushika mikono ya watu nisiowajua, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, katika ofisi moja ya vitambulisho kisiwani Mombasa. Wako waliokupa mkono mlegevu, ukaupeleka utakako, na hao ndio niliowapenda. Wako waliokaza vidole kana kwamba nilitaka kuwanyang'anya. Hao niliwaambia, "Legeza, niachie mimi. Vidole ni vyako, kazi ni yangu." Wengi walicheka, na mtu akicheka mkono hulegea wenyewe.

Nilikuwa mwanamke pekee kwenye meza ya wino, kwa hiyo foleni ya wanawake ilikuwa yangu yote. Asili yangu ni bara, upande wa Rabai, Mkristo wa kanisa la mamangu, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mbaraki. Nilikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi, na nasema mapema kwamba kazi hiyo niliiweza. Anayetaka unyenyekevu autafute kwingine.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupaka watu masizi, kama walivyodhani waliokuwa nje ya foleni. Wino ulikuwa mzito, nao hutandazwa kwa rola ya mpira juu ya kioo mpaka ubaki utando mwembamba. Ukizidi, mistari ya kidole huzama. Ukipungua, hukatika. Kidole hulazwa ukingoni mwa ukucha, kikaviringishwa mara moja tu hadi ukingo wa pili, bila kurudi nyuma. Vidole kumi, kila kimoja na chumba chake kwenye karatasi. Kisha vinne kwa pamoja, na vinne vya mkono wa pili, ili ijulikane kwamba karani hakuchanganya mpangilio. Mwisho pamba na mafuta ya taa, na mtu akaenda zake akinuka kama jiko.

Mistari ile mtu huumbwa nayo tumboni, kabla hajapewa jina. Hukua pamoja naye na haibadiliki. Ukijikata kidogo hurudi vilevile. Ukijikata sana hubaki kovu, na kovu lenyewe huwa alama ya ziada. Katika mafunzo tuliambiwa ziko jamii tatu: vitanzi, ambavyo mistari yake huingia upande mmoja, ikapinda na kutokea upande uleule, mizunguko, ambayo hujiviringa kama nywele za utosini mwa mtoto, na pinde, ambazo hupanda kidogo katikati na kushukia upande wa pili. Makao makuu Nairobi hawakuanza kwa kulinganisha mstari na mstari, wangezeekea kwenye kabati la kwanza. Waliandika kwanza jamii ya kila kidole, vyote kumi kwa mpangilio, na mpangilio huo ukawapeleka kwenye droo yake, ambamo mlikuwa na karatasi chache. Hapo ndipo mtu alipoinamia kioo cha kukuzia: hapa mstari umekatika, hapa umegawanyika mara mbili, hapa pana kisiwa kidogo. Zikipatana alama za kutosha, mahali palepale, basi mtu ni yuleyule. Siku hizi mashine hufanya hayo kwa kufumba na kufumbua, hata simu ya mwanangu hufunguka kwa kidole, lakini akili ni ileile: chukua alama, ihifadhi, na mwenyewe akirudi linganisha.

Na ilisaidia, msidhani ilikuwa kusumbua watu tu. Palikuwa na mchukuzi mmoja wa gatini Mbaraki aliyeunguliwa na nyumba, karatasi zake zote zikawa majivu. Jina lake makarani watatu walikuwa wameliandika kwa namna tatu, na uso wake haukufanana tena na picha ya ujanani. Vidole vyenyewe vilikuwa vimelika kwa magunia ya saruji. Karani mwenzangu alitaka kumfukuza. Mimi nilimwambia mzee aende nyumbani, apake mafuta ya nazi wiki nzima asishike gunia, kisha arudi. Aliporudi nilipata vidole sita safi kati ya kumi, na hivyo sita vilitosha. Jibu lilikuja kwamba ndiye yeye, na yule mzee akalia mbele ya foleni, nami nikafurahi waziwazi. Karatasi huungua, jina hukosewa, uso huzeeka. Kidole hukaa na mwenyewe, na hakihitaji shahidi wa kuhongwa.

Kwa hiyo nilikuwa na msemo wangu ofisini: vidole havisemi uongo. Niliwaambia wateja, niliwaambia makarani, nilimwambia hata mkuu wetu, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache aliyekuja kwa gari kutoka Kizingo na hakupenda kuambiwa jambo mara mbili.

Asubuhi moja ikaja barua ya makao makuu. Ilisema mwombaji fulani, msichana wa Mji wa Kale, alikwisha kupewa kitambulisho miezi minane nyuma. Jina lilelile, vidole vilevile, kumi kwa kumi. Ombi lake lisimamishwe, ahojiwe, na ofisi yetu iandike ripoti. Barua ilifuatana na nakala za karatasi zote mbili. Mkuu aliniwekea mezani.

Msichana alikuja siku ya tatu, buibui lake limepigwa pasi, mkononi ana bahasha aliyoishika kwa vidole viwili ili isikunjike. Ndani yake mlikuwa na barua ya chuo cha uuguzi. Alikuwa amepata nafasi, wa kwanza kwao kupata nafasi ya namna hiyo, na barua ilisema wazi kwamba afike na kitambulisho kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Mwezi ulikuwa umebakisha siku kumi na nane.

"Kitambulisho cha kwanza umekipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Sina cha kwanza, dada. Sijapata hata kimoja."

"Njia ya mwongo ni fupi," nikamwambia. "Ya kwako imeishia kwenye meza hii."

Naona haya nikikumbuka sauti yangu siku ile. Foleni nzima ilisikia, na nilitaka isikie.

Nikatandaza karatasi mbili mbele yake, nikampa kioo cha kukuzia, nikamwonyesha. Dole gumba la kulia, mzunguko hapa na mzunguko hapa. Kidole cha shahada cha kushoto, kovu limekata mistari kwa mshazari, huku na huku. Nikaushika mkono wake nikaugeuza, na kovu lilikuwepo. Nikamuuliza la nini.

"La mbuzi," akasema, akimaanisha ya kukunia nazi, na siku nyingine ningemtania.

Aliangalia kwa kioo muda mrefu. Hakuwa na uso wa mtu aliyekamatwa, na hilo liliniudhi zaidi. Kisha akasema pole pole, "Hivi vyote ni vyanda vyangu. Hivi nimetia mwezi uliopita. Na hivi…" Akainua kichwa. "Hivi nalimtilia somo yangu."

Mimi nilikulia mahali ambapo masomo ni ya shuleni. Kwa watu wa Mji wa Kale somo ni mtu mwenye jina lako. Wajukuu hupewa majina ya bibi na babu, majina yakazunguka katika nyumba zilezile, hata ukiita jina moja kwenye kichochoro vichwa vitatu hugeuka. Lakini kuwa somo kulizidi kufanana jina. Somo yako humletei udhuru. Akiwa na shughuli, wewe una shughuli. Hawa wawili jina lao, la baba na la babu yote yalikuwa yamefanana, wamezaliwa mwaka mmoja, milango yao inatazamana. Tofauti ilikuwa majina ya mama zao.

"Somo yangu alikuwa ndani, dada, yuwangoja harusi," akaeleza. "Siku saba hatoki wala haonwi. Fomu alikuwa keshaileta mwenyewe, na picha. Nanyi mukamwita aje atie vyanda, ikawa ni siku ya tano. Mamake akasema, mikono imeshinda ikitiwa hina na piko, halafu ikatiwe wino wa sirikali? Nikasema, basi mimi ntakwenda. Nikaja. Jina likaitwa."

"Aliyeita ni nani?"

Alinitazama kama mtu anayeogopa kumvunjia heshima aliyemzidi umri. "Ni wewe, dada. Uliita jina, ukaniuliza, 'Ndiwe?' Nikakwambia, 'Ndimi.' Kwani jina si langu?"

Chanda chema huvikwa pete, wahenga walisema, na hawakusema kitiwe wino wiki ya harusi. Nilikwenda kwenye kabati nikaitoa fomu ya kwanza ya ofisini kwetu. Picha iliyobandikwa juu ilikuwa ya msichana wa uso wa mviringo, mwenye kishimo kidevuni. Aliyekuwa mbele yangu uso wake ulikuwa mrefu na hana kishimo popote. Mtoto mdogo angewatofautisha. Chini ya vidole palikuwa na sahihi ya karani aliyevichukua, na sahihi ilikuwa yangu.

Sheria ya meza yetu ilikuwa kwamba kabla ya kugusa mkono utazame uso, utazame picha, utazame tena uso. Mimi niliita jina, nikauliza ndiwe, nikashika mkono. Tena mara ya pili, mwezi uliopita, aliyemchukua vidole ni mimi vilevile, na sikumkumbuka. Nilikuwa nimeushika mkono ule mara mbili, nikauviringisha kidole kwa kidole, na aliyeutambua ni mtu wa Nairobi asiyewahi kumwona.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia msichana kwa kujibu kweli iliyoniponza, nikamkasirikia mama wa bibi harusi na piko lake, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mikononi, kisha nikabaki sina wa kumkasirikia ila mimi. Vidole havikusema uongo kweli. Vilisema neno moja tu vinalolijua: aliyekuja leo ndiye aliyekuja siku ile. Havijui jina wala picha. Aliyevibandika kwenye picha ya mtu mwingine alikuwa karani hodari wa Rabai.

Na palikuwa na njia rahisi. Ningeandika kwamba mwombaji amekiri kutia vidole kwa niaba ya mtu mwingine, nikatia sahihi, na ingekuwa kweli tupu. Yeye angekosa chuo, labda angepelekwa mahakamani, na hakuna ambaye angefungua kabati kutazama sahihi ya chini. Nikiandika yote, huenda ningekosa kazi mimi. Karani mmoja alikuwa ameondoka mwaka ule kwa kosa dogo zaidi.

"Mlete somo yako kesho," nikamwambia. "Nikipata vidole vyake yeye, itaonekana kwamba hajawahi kuandikishwa, na kwamba hivi vya kwanza ni vyako. Bila yeye sina la kuandika."

"Yuwasafiri, dada. Mumewe yuko Uarabuni, yuwamngoja. Pasi iko tayari."

Nikamweleza kwamba somo yake akija, kitambulisho chake kitafutwa, na pasi iliyotolewa kwa kitambulisho hicho itasimama. Angengoja miezi. "Hatakuja," nikasema.

"Atakuja," akajibu. "Ni somo yangu."

Jioni ile nilitembea hadi ufukwe wa Mama Ngina, nikanunua mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu. Watu walikuwa wengi, watoto wanakimbizana, wake kwa waume wameketi ukutani wakitazama maji. Nilikula mihogo yangu yote na sikumbuki kama ilikuwa mizuri. Nilikuwa najiambia kwamba asipokuja, mimi nimejaribu, na kazi yangu imesalimika. Nilitamani asije. Naliandika hili kwa sababu nimekwisha kujisifu ya kutosha, na hesabu ya mtu isiwe ya upande mmoja.

Walikuja saa mbili na robo, kabla sijatandaza wino, mabuibui mawili yameshikana mikono. Mmoja alikuwa na kishimo kidevuni. Nilimtazama uso, nikatazama picha, nikamtazama tena, kwa muda mrefu hata akainamisha macho. Pete ilikuwa kidoleni, na hina ya harusi ilikuwa imekwisha kutoka zamani.

"Umeambiwa utakachokosa?" nikamuuliza.

"Nimeambiwa."

"Na mumeo?"

"Nimempigia simu. Amenuna, yatamwisha." Akaniwekea mkono mezani mwenyewe. "Yeye alinipa vyanda vyake vyote kumi, dada. Mimi nimpe miezi michache."

Mkono ule ulikuwa mlegevu kuliko mikono yote niliyowahi kuishika. Nikauviringisha kidole kwa kidole, na kabla sijafika cha nne nilikuwa nimekwisha kuona. Kule kwa mwenzake kwenye mizunguko, yeye ana vitanzi. Kidole cha shahada cha kushoto hakina kovu. Kioo cha kukuzia kilibaki kwenye droo, hakikuhitajika. Nikawaita wote wawili wakaangalia karatasi zao zikiwa ubavu kwa ubavu, nao wakaangalia kwa makini. Walikuwa wameshirikiana jina, mwaka na mtaa, na pale juu ya karatasi kila mmoja alikuwa peke yake. Nilijisikia fahari tena, fahari ya kazi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa inaninyooshea kidole.

Ripoti niliiandika kabla ya adhuhuri. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka puani.

"Hapa umeandika kwamba hukulinganisha uso na picha."

"Ndiyo, bwana."

"Kisa kinaeleweka hata bila ya mstari huo."

"Kinaeleweka vibaya. Ukiutoa, wataona wasichana wawili waliokula njama. Hawakula njama. Niliuliza swali la kijinga wakanijibu kweli."

Akanitazama. "Unajua watakachosema juu yako?"

"Wataona wenyewe," nikasema. "Usiufute, bwana."

Hakuufuta. Alitia muhuri, akaagiza bahasha ipelekwe na gari la siku hiyohiyo.

Kisha tukangoja. Msichana alikuja kila asubuhi, akasimama mwisho wa foleni kama mteja mwingine, akafika kwangu, nikamtikisia kichwa, akasema "Inshallah kesho," akaondoka. Siku kumi zikabaki. Zikabaki sita, zikabaki tatu. Nilianza kuijua sauti ya viatu vyake, nikawa sipendi kuisikia. Siku moja aliniuliza kama anaweza kwenda chuoni akawaonyeshe vidole vyenyewe, maana ndivyo vinavyotakiwa, na nikacheka kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije. Nilimweleza kwamba siku itakuja mtu ataonyesha kidole mlangoni na mlango ukafunguka. Akasema siku hiyo ingekuja mapema kidogo.

Bahasha ilifika siku moja kabla ya mwezi kwisha, saa nne asubuhi, naye alikuwa bado yuko kwenye foleni. Mkuu aliifungua, akaniletea vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kitambulisho chake, na picha yake mwenyewe yenye uso mrefu. Cha pili, barua yangu: naondolewa meza ya wino tangu Jumatatu, napelekwa chumba cha mafaili, na onyo linawekwa kwenye kumbukumbu zangu. Cha tatu kilikuwa jibu la ripoti, karatasi moja ambayo mwombaji alitakiwa kusomewa na kuitia sahihi. Kitambulisho cha somo yake kingefuata, nacho kilifuata miezi mitatu baadaye, naye akasafiri salama.

Barua yangu niliikunja nikaiweka chini ya kioo cha wino. Nikamwita msichana mbele, nikamsomea karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu.

"Vidole ni vyake. Jina ni lake. Kosa ni la ofisi."

Akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa shule. Kisha akaielekeza ncha ya kalamu kwenye mstari wa mwisho, akausoma tena kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Ofisi ni nani, dada?"

"Ni mimi," nikamwambia, nikampa kitambulisho chake.